Ziara ya Mji Mkongwe wa Malunde

Basi la shule lilifika Migato likiwa limevaa vumbi kuanzia taa za mbele hadi bodi ya nyuma. Kabla halijazima injini, Mihayo alikuwa ameshachupa chini na kupanda juu ya jiwe la kwanza, tai shingoni, bua la mtama mkononi, uso ameukunja kama mchungaji anayesubiri waumini waketi. Nyuma yake lilikuwa shamba la pamba la bibi yake, Nyanjige. Pamba ilikuwa imepasuka nyeupe hadi bondeni, na katikati yake yalichomoza mawe, mengine yamekaa duara, mengine yamelala hovyo.

"Karibuni," alisema, "katika Mji Mkongwe wa Malunde. Tafadhali futeni viatu."

Watu wakafuta viatu. Wanafunzi wakafuta, Mwalimu Wilbroad akafuta, na Bwana Elineema, katibu wa Kamati ya Vivutio, akavua kabisa kiatu kimoja akakikung'uta. Hapo ndipo Mihayo alipoanza kuogopa.

Maana Mji Mkongwe wa Malunde haukuwahi kuwapo. Aliutunga yeye mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu Wilbroad, mtu wa Bukoba, alikuwa akifundisha historia katika shule ya bweni kule Nyalikungu, na tangu afike alikuwa na ndoto moja tu: kukipeleka chama cha historia katika mji mkubwa wa kale, wenye milango ya nakshi na makaburi ya masultani. Kila mwaka aliomba basi, na kila mwaka basi lilikuwa na kazi nyingine. Mwishowe alikata tamaa kwa namna ya walimu, yaani aliwapa wanafunzi kazi ya likizo. Kila mmoja aende kwao, arudi na historia ya kwao.

Wenzake walirudi na mikuki yenye kutu na vibuyu vya babu zao. Mihayo, ambaye ndiye aliyewahi kuwapanga foleni kidato cha kwanza wote wapimwe urefu wa masikio kwa amri ya serikali, alirudi na mji. Alisimama mbele ya darasa akaeleza minara, soko la pembe za ndovu na jumba la mtemi aliyeoga maziwa. Alipoulizwa jina la mji, jina la kwanza lililomjia lilikuwa la ng'ombe wa bibi yake, yule mwenye pembe iliyopinda. "Malunde," alisema, kwa sauti nzito.

Darasa lilicheka hadi madawati yakasogea. Watoto wa Kisukuma walijua vizuri sana duara la mawe shambani ni la nini. Mwalimu peke yake hakucheka. Kwao ni migombani, hakuna anayeweka nafaka kwenye vihenge. Alimfuata Mihayo pale mbele, akamshika mabega yote mawili, macho yamejaa maji.

"Mwanangu," alisema, "unajua umetuletea nini?"

Mihayo alikuwa na maneno mdomoni: natania, mwalimu. Lakini mtu mzima akikulilia kwa furaha, inahitaji roho ngumu kumwambia anamlilia ng'ombe.

Alidhani yataishia darasani. Lakini mwalimu alikuwa na rafiki Bariadi, huyo Bwana Elineema, mtu wa Same, aliyekuwa amezunguka mkoa mzima akitafuta kivutio cha kuweka kwenye kalenda ya kamati yake. Walikuja Migato na tepu ya kupimia siku Mihayo akiwa shuleni. Bibi Nyanjige aliwapokea, akawapa michembe ya viazi vitamu watafune. Wakamuuliza kama ni kweli zamani waliishi watu wengi mahali pale.

"Wengi sana, baba," alijibu. "Na ng'ombe wengi."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Mahali pale palikuwa itongo, yaani pale palipokuwa na kaya ya wakwe zake kabla nyumba hazijaanguka na ukoo kutawanyika. Samadi ya miaka mingi ilibaki ardhini, ndiyo maana pamba yake ilimfika mtu kifuani wakati ya majirani iliishia magotini. Yale maduara yalikuwa mawe ya kukalishia vihenge vya nafaka ili mchwa wasipande. Yalivunja majembe kila msimu, lakini bibi hakuyaondoa hata moja. Shemeji zake walipokuja kutaka shamba baada ya mumewe kufa, hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Aliwatembeza tu kwenye mawe. Hapa palikaa kihenge changu. Hapa cha mama mkwe. Hapa amelala ndugu yenu, na hapa pembeni yake sijalima, ni pangu. Shemeji zake walitazama chini, wakaondoka. Shamba hilo moja ndilo lililokuwa likimlisha na kumsomesha Mihayo.

Sasa mjukuu aliyesomeshwa alikuwa juu ya jiwe.

"Huu ni Mnara wa Kaskazini," alitangaza. "Kutoka hapa walinzi waliweza kumwona adui akiwa bado anapiga mswaki."

"Mnaona duara?" Bwana Elineema alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya jiwe. "Mnaona lilivyo kamili? Wazee hawa walijua hesabu!"

"Mnara huo kwetu unaitwa kihenge," Elia alinong'ona kutoka nyuma. Elia alikuwa rafiki wa Mihayo, wanalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini.

"Nyamaza, we msaliti," Mihayo alimjibu bila kuchezesha midomo. "Unahujumu taifa."

Msafara ukasonga. Wanafunzi walipita katikati ya mistari, nyuzi za pamba zikiwaganda kwenye soksi, na wawili walikuwa tayari wanarushiana vitumba vilivyokauka. Bibi Nyanjige alisimama ukingoni, gunia la kuchumia amelifunga kiunoni. Alikuwa akisubiri wageni waondoke aendelee na kazi. Kila aliyempita alimwamkia, "Mwangaluka," na kila aliyemwitikia akamuuliza hali ya nyumbani kwao, hata wale waliokuwa wanakanyaga pamba yake.

Kwenye soko la pembe aliongezeka mtu. Mzee Maganga, jirani, alitokea amevaa koti ambalo Mihayo alikuwa amewahi kuliona msibani tu. Hakuna aliyemwalika.

"Babu yangu alikuwa akinisimulia," mzee alianza, mikono mgongoni. "Hapa pembe zilikuwa zinalala hivi, kama kuni. Waarabu walikuwa wanakuja wenyewe, wanapiga foleni."

Mwalimu Wilbroad alifunga macho kwa utamu. Mihayo alimvuta mzee pembeni.

"Babu Maganga! Si wewe uliyenionyesha kihenge ulichosuka mwenyewe, hapahapa?"

"Nilisuka."

"Sasa pembe umezijua lini?"

Mzee Maganga alimtazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, watu wakija kutazama mji, barabara inakuja. Barabara ikija, na bomba linakuja. Mimi maji nachota kwenye mchanga tangu sijaota ndevu. Mji wako umekuja wakati mzuri. Usiuharibu."

Akarudi kwa wageni, akamwozesha mtemi wanawake wengine, bila hata kuuliza mwenye mtemi.

Chini ya turubai lililofungwa kando ya shamba, baada ya soda, Bwana Elineema alisimama akafungua karatasi. Kijana mmoja alikuwa tayari anazunguka na kopo la rangi nyekundu, akipiga alama kwenye mawe. Bwana Elineema alishukuru wazee, akashukuru shule, akamshukuru kijana mwenye kipaji, na darasa likapiga makofi ya kejeli. Kisha akasema kwamba kuanzia saa ile eneo lote lenye mawe liko chini ya uangalizi wa kamati. Bikoni zitawekwa. Mzee Maganga atakuwa mlinzi. Hakuna kulima ndani ya mji, hakuna kuchunga, hakuna kuzika. Wageni wataingia kwa kufuatana na mwongozaji.

"Na pamba?" Mihayo aliuliza.

"Pamba gani?"

"Hii. Imeshapasuka. Inachumwa wiki hii."

"Kuchuma, kupalilia, kupitapita, vyote vimesimama mpaka wataalamu waje."

"Watakuja lini?"

"Tumeshaomba," alisema Bwana Elineema.

Kila mtu pale, mkubwa kwa mdogo, alijua urefu wa neno hilo.

Mihayo alimtazama bibi yake. Bibi hakuwa amesikia. Alikuwa anamsaidia msichana mmoja kutoa miiba ya mbaruti kwenye sketi. Mihayo akavuta pumzi, akapanda juu ya kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema alisimama mbele ya watu bila kuchezea sauti.

"Ni uongo," alisema. "Mji haupo. Nimeutunga. Malunde ni ng'ombe. Hayo mawe ni ya vihenge."

Darasa zima likaangua kicheko, likapiga meza, likapiga miguu.

"Mihayo, weeee!"

"Ameanza!"

"Mwacheni msanii afanye kazi!"

"Sitanii!" alipiga kelele. "Elia! Waambie!"

Elia aliyekuwa akinong'ona asubuhi nzima alitazama viatu vyake. Bwana Elineema alikuwa amemwahidi unaibu wa mwongozaji, na kofia. "Mimi kwetu Nyalikungu mjini," alisema taratibu. "Vihenge sivijui vizuri."

Mwalimu Wilbroad alimsogelea Mihayo. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Kila kitu kwako ni mzaha," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuvumilia masikio. Nimekuvumilia mbuzi kwenye ofisi ya mkuu. Hata hiki, Mihayo? Hata siku yangu hii?"

"Mwalimu, nakuapia."

"Shuka kwenye kiti."

"Muulizeni bibi! Ni shamba lake! Bibi, waambie haya mawe ni ya nini."

Wakamwita. Bibi Nyanjige alikuja akipangusa mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo mbele ya wageni, akasikiliza swali hadi mwisho. Kisha akawaongoza mwenyewe, polepole, kama alivyowaongoza shemeji zake.

"Haya ni ya kihenge, baba. Hiki kilikuwa cha mtama. Hiki cha karanga. Kile kikubwa cha baba mkwe, kilikuwa kinatulisha wote hata mwaka wa ukame."

"Maghala," alisema Bwana Elineema, akimgeukia karani wake. "Andika. Maghala ya mji, akiba ya ukame."

"Hapa zizi la ndama."

"Mifugo ndani ya ngome. Andika."

Mihayo alishika kichwa. Kila ukweli aliousema bibi ulikuwa unaingia kwenye mji na kupewa chumba.

"Na hapa," bibi alisema, akasimama mbele ya rundo la mawe madogo lenye majani mafupi pembeni yake, "amelala mume wangu."

Bwana Elineema alivua kofia. Wanafunzi wakaacha kucheka. Kijana wa rangi alikuja na kopo lake, akachuchumaa kwa adabu, akatia alama nyekundu kwenye jiwe la kichwani.

Bibi aliitazama ile alama ya rangi. "Hiyo ni ya nini, mwanangu?"

"Ya kuhifadhi, mayu, mama yangu. Asije mtu akagusa."

"Na hapa pembeni?"

Kijana alitazama karatasi yake. "Pembeni pia."

Wakati watu wanarudi kwenye kivuli cha turubai, Bwana Elineema alimshika Mihayo mkono, wakabaki nyuma.

"Kijana, unadhani mimi kihenge sikijui? Nimelala kwenye kaya za watu mkoa huu wote. Siku ya kwanza nilishuku."

"Basi waambie!"

"Nimwambie nani? Nimeshasema juu kwamba mji upo. Walioko juu wamesema juu zaidi." Alipangusa jasho ndani ya kofia. Alionekana mzee ghafla. "Ungenitania mimi peke yangu ningekuchapa, tungeyamaliza. Sasa mji uko huko, mimi siufikii. Saa tisa inakuja kwaya kutoka Bariadi. Uwatembeze vizuri."

Mihayo alimkuta bibi ukingoni, amekaa juu ya gunia lake tupu. Akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya shule.

"Bibi, ni mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Walipokuja na kamba ya kupimia walikuwa wanaita jina la ng'ombe wangu. Nikasema, hii kazi ya Mihayo." Alicheka kidogo, kicheko cha puani, kikaisha haraka.

"Kwa nini hukuwaambia palepale?"

"Alikuwa mwalimu wako. Amekusifu mbele yangu, mtu mzima na tai. Ningekuaibishaje?" Alichukua kijiti akaanza kuchokonoa udongo kwenye kucha. "Nikafikiri wanapima tu, wataondoka. Watu wanapima sana siku hizi."

Mbele yao pamba ilikuwa imeanza kuning'inia nje ya vitumba vyake. Siku chache zaidi na upepo ungeiangusha yote kwenye vumbi, na pamba ya vumbi hakuna anayeitaka. Mzee Maganga alipita mbele yao akiwa na kirungu, akajifanya kutazama mawingu ambayo hayakuwapo.

Saa tisa basi la kwaya likaingia, limejaa akina mama wa sare za kijani.

"Mihayo!" Bwana Elineema aliita kutoka kwenye turubai.

"Siendi."

"Nitawatembeza mimi," Mzee Maganga alijitolea haraka. "Wake za mtemi nawajua wote."

Bibi Nyanjige alikuwa ameinuka. "Wageni wanaruhusiwa kuingia?"

"Wageni tu, mayu," mzee alisema bila kumtazama. "Pamoja na mwongozaji."

"Basi nenda," bibi alimwambia Mihayo. Aliliacha gunia pale chini, akajifunga kanga ya pili kwa mbele kama mtu anayebeba mtoto upande usio wake. "Na mimi leo ni mgeni."

Akaenda akasimama mstari wa mwisho wa kwaya, na mama mmoja mnene akamsogezea nafasi, akamwuliza yeye ni sauti ya ngapi.

Mihayo alianza tena. Mnara wa Kaskazini ulichukua muda mrefu kuliko asubuhi, kwa sababu kupitia mabega ya wageni aliona mkono wa bibi ukiingia kwenye kitumba, ukitoka, ukitumbukia kwenye kanga. Aliupa mnara ngazi. Akazipa ngazi historia. Kwenye soko aliongeza machifu waliokuja kutoka Bukundi na sehemu nyingine za mbali, akawataja majina mmojammoja, na majina yalipokwisha akawapa watoto. Akina mama waliguna kwa mshangao. Bibi alikuwa amesogea hatua chache tu. Mtu akichuma kwa kificho hawezi kuchuma kwa mikono miwili.

"Mtemi alipenda sana nyimbo," Mihayo alisema walipofika kaburini. "Kila mgeni alipaswa kumwimbia. Beti zote."

Kwaya ikafurahi. Wakajipanga, wakaimba, uso kwa jiwe lenye alama nyekundu, na nyuma yao bibi aliinama kabisa. Waliimba vizuri. Waliimba hadi beti zikaisha, Mihayo akaomba wimbo wa pili, nao ukaisha. Kanga ya bibi ilikuwa na uvimbe mdogo, kama mkate. Mstari aliouanza ulikuwa bado unaenda mweupe hadi bondeni, na baada yake mwingine.

Mzee Maganga ndiye aliyemwona. Alikuja karibu, akakohoa.

"Mayu," alisema kwa upole wa kweli, "mgeni hagusi kitu."

Akina mama wakageuka. Bibi Nyanjige alibaki ameshika pindo za kanga. Hakubishana. Alitembea hadi kwenye rundo la mawe la mumewe, akafungua kanga, akaikung'uta pamba yote pale juu, kwenye rangi nyekundu ambayo haijakauka vizuri.

Kisha yule mama mnene, aliyedhani ameelewa, akanyoosha mkono kwenye mche ulio karibu, akachuma kitumba kimoja, akaja akakiweka juu ya jiwe na kuinamisha kichwa. Mwenzake akafuata. Wa tatu akafuata. Muda si muda kwaya nzima ilikuwa imeingia kwenye mistari, ikichuma, ikija, ikiweka, wengine wakianza kuimba tena chinichini.

"Mila!" Bwana Elineema alinong'ona. Mwenyewe alikuwa kama anaamini. "Andika. Sadaka ya pamba. Isiguswe na mtu."

"Siyo mila," Mihayo alisema. Hakuna aliyemgeukia. "Mama zangu, hiyo ni pamba ya mtu. Hiyo ni pamba ya bibi."

"Ya bibi," wale wa karibu waliitikia kwa heshima, wakaendelea kuchuma.

Rundo lilipanda. Lilikuwa na majani makavu ndani, na vipande vya vijiti, na upande wa chini limeshaanza kuwa jekundu. Mihayo alisimama juu ya jiwe lake na bua mkononi. Wageni walikuwa wengi na wepesi wa mikono, lakini hawakuwa wakulima. Walikuwa wanavuta kitumba pamoja na tawi, miche inapasuka.

Bibi Nyanjige aliwatazama wakiharibu, hadi akashindwa kuvumilia. Akamsogelea msichana mmoja wa kwaya, akamshika kiganja.

"Siyo hivyo, mwanangu," alisema. "Shika huku chini. Zungusha kidogo. Sasa vuta. Umeona? Tawi usilivunje."